AFYA YA NGOZI: Upungufu wa Mafuta na Upungufu wa Maji

Mtu atokaye Mombasa kuja kufanya kazi Nairobi huona badiliko moja upesi: ngozi yake iliyokuwa laini kule pwani hupauka, ikafanya weupe kama wa majivu. Hilo si ajabu. Katikati ya mji wa Nairobi ni kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na nchi huzidi kuinuka upande wa magharibi, kwenye Kangemi, Kawangware na Dagoretti. Hewa ya huko haina mvuke mwingi kama ya pwani. Januari na Februari huja jua kali na vumbi. Julai huja baridi, na watu huoga maji ya moto kupita kiasi.

Wengi huita hali hiyo ngozi kavu tu, lakini yafaa kufahamu kuwa yako mambo mawili yasiyo sawa.

La kwanza ni upungufu wa mafuta. Ngozi ya namna hii mara nyingi ni maumbile ya mtu, tena hali huzidi uzeeni. Hutambulikana kwa magamba madogo miguuni na mikononi, kuwashwa, na pengine kupasuka.

La pili ni upungufu wa maji katika tabaka la juu la ngozi. Hili si maumbile, bali ni hali ya kupita, na huweza kumpata mtu yeyote, hata yule ambaye uso wake hung'aa kwa mafuta. Uso hukaza baada ya kunawa na kukosa nuru. Akilibana shavu kidogo kwa vidole, huona mikunjo myembamba.

Karani anayenawa mara kwa mara kwa sabuni kali, na mkulima anayesugua udongo mikononi kwa sabuni ya kufulia, wote wawili huondoa mafuta ya asili, na maji ya ngozi hupata njia ya kutoka. Basi mtu huweza kuwa na upungufu wote kwa pamoja.

Mafuta ya mgando hayaongezi maji; kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo kuyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hakumfai sana aliyepungukiwa na maji. Njia bora ni hii: oga kwa maji ya uvuguvugu, usikawie bafuni, tumia sabuni isiyo kali, jifute bila kujisugua, kisha jipake mara moja ngozi ingali na unyevu. Mwenye upungufu wa maji aanze na glisirini iliyochanganywa na maji, kwa kuwa huvuta unyevu. Kisha apake mafuta kidogo juu yake. Mwenye upungufu wa mafuta atumie mafuta mazito, asubuhi na jioni. Kunywa maji ya kutosha ni kwema kwa mwili, lakini peke yake hakuponyi ngozi kavu.

Hatari iko kwa wale wanaodhani kuwa kupauka ni ubaya wa rangi, wakanunua dawa za kujichubua. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa habari za wagonjwa 60 wa figo, watu wazima waliovimba mwili na kupoteza protini nyingi katika mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Sumu hiyo hupenya katika ngozi na kufika kwenye figo. Zebaki imepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, lakini kopo lisilotaja vilivyomo si la kuaminiwa.

Ngozi ikizidi kuwasha, ikitoa majimaji au isipopata nafuu baada ya majuma machache, mgonjwa aende kwa daktari. Na kila mtu aitambue kwanza haja ya ngozi yake, kabla ya kutoa shilingi yake dukani.