Uza Nyumba ya Mama Mchana, Milango Ikiwa Wazi



Leo tuzungumze juu ya nyumba ile. Unaijua. Baba alitangulia, mama akafuata, na tangu mazishi mlango una kufuli. Ndani kuna viti vyenye vitambaa alivyofuma mama, kabati la vyombo vilivyotolewa kwa wageni tu, magunia, jerikeni, majembe yasiyo na mpini, redio iliyokufa, Biblia tatu na sanduku la chuma chini ya kitanda. Mmoja wenu yuko Nairobi, mwingine Nakuru, mwingine Minnesota. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia mtu ameandika, "Tuuze tu." Watatu wameweka dole gumba. Wawili wamenyamaza.

Ujumbe huu nauandika kwa ajili ya hao wawili walionyamaza.

Msimamo wangu ni huu: kuuza nyumba ya wazazi si dhambi. Kuiuza gizani ndiyo dhambi.

Wako watakaokutisha kwamba ukiuza boma laana itakufuata. Wewe uliyeokoka, usitawaliwe na hofu hiyo. Soma Ruthu 4. Shamba la marehemu Elimeleki liliuzwa, na Naomi mjane wake hakulaaniwa. Lakini tazama lilivyouzwa. Boazi alikwenda langoni mwa mji, mahali ambapo kila mtu hupita. Alimwita ndugu wa karibu zaidi ili apewe nafasi ya kwanza. Aliketisha wazee kumi. Akataja jina la mjane mbele ya watu wote. Hakuna aliyesikia habari za shamba lile baadaye kama uvumi sokoni.

Nabothi naye alikataa kumuuzia mfalme shamba la baba zake, na Mungu alimtetea hata baada ya kuuawa. Kwa hiyo Neno halikulazimishi kuuza wala kutouza. Linakuuliza utafanyaje na nani atakuwa ameketi hapo mkiamua.

Basi anza na mtu kabla ya kuanza na nyumba. Nani analala humo sasa? Kama mama yu hai na ni baba aliyelala, hapo hakuna nyumba ya watoto kuuza. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inampa mjane vyombo na samani zote za nyumbani kuwa mali yake kamili, na haki ya kukaa na kutumia mali iliyobaki maisha yake yote. Hata yale magunia unayoyaita takataka ni yake. Usimwite mama Nairobi "apumzike" kisha ukatuma vijana wa kubomoa.

Kama wazazi wote wameenda, huenda kitinda mimba ndiye amebaki pale, maana desturi yetu mara nyingi humwachia nyumba ya mama. Au ni dada yenu aliyerudi na watoto baada ya ndoa kuvunjika. Ulizeni ataenda wapi kabla ya kuulizana bei. Na hapa nitasema wazi hata kama kuna kaka atakayekasirika: sheria hiyo inawagawia watoto sawasawa bila kuuliza ni wa kiume au wa kike, awe ameolewa au hajaolewa. Binti za Selofehadi walisimama mbele ya Musa katika Hesabu 27, na Bwana mwenyewe akasema wana haki. Kama dada yako hajaketi kwenye kikao, hicho si kikao cha familia.

Pili, toeni vitu kabla ya kumwita mnunuzi. Wengine husema tuuze pamoja na vilivyomo, atajua mwenyewe. Mimi sikubaliani. Kati ya magazeti yale ya zamani mnaweza kupata hati ya shamba, namba ya mkulima wa majani chai, hisa za kiwanda, kitabu cha chama cha kahawa, kadi ya Sacco, kitabu cha benki. Kuna mamlaka ya serikali, UFAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, inayotunza pesa ambazo wenyewe hawakuzidai, na warithi wanaweza kuzidai. Lakini utadai nini kama karatasi zilichomwa na mtu mliyemlipa kusafisha?

Chagueni siku moja, wote mliopo mje, na aliye mbali afuatilie kwa simu ya video. Karatasi zote ziwekwe kando kwanza, zipigwe picha, kila mmoja apate nakala. Picha za familia zisitupwe hata moja. Vitu ambavyo wawili wanavigombania, pigeni kura. Mithali 18 inatufundisha kwamba kura hukomesha ugomvi hata kati ya wenye nguvu. Nguo na vyombo vilivyobaki wapeni majirani waliomuuguza mama. Ndipo muuze mabaki.

Je, mtengeneze nyumba kwanza? Fyekeni, fagieni, zibeni panapovuja, basi. Msikope kupaka rangi na kubadilisha mabati. Hapa kwetu, ambapo mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, anayenunua mara nyingi anatafuta ardhi na barabara. Nyumba ya zamani ataibomoa. Msimzikie pesa zenu ukutani.

Tatu, karatasi. Mpendwa, mafuta ya upako hayachukui nafasi ya karatasi. Nitakuja kuomba nanyi, lakini sitaomba ili shamba lililo kwa jina la marehemu liuzike. Ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijatoa na kuthibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Mtaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Mtakwenda mahakamani. Tangazo litachapishwa katika Gazeti rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Uthibitisho kwa kawaida huombwa baada ya miezi 6. Kwa shamba la kilimo kama haya yetu, mauzo yanahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi. Bila idhini hiyo mauzo ni batili, hata kama pesa zimeshaliwa. Na anayeingilia mali ya marehemu bila mamlaka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili.

Nanyi wanunuzi mlio kanisani, nawaambia vilevile. Bei ya chini kutoka kwa kaka mmoja mwenye haraka si upenyo. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, uliza majirani, uliza dada zake wako wapi. Yeremia aliponunua shamba kule Anathothi alipima fedha kwenye mizani, shekeli 17, akatia sahihi mbele ya mashahidi, kisha akaagiza hati ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu. Huyo alikuwa nabii, tena yuko kifungoni na mji umezingirwa, lakini hakuruka hatua.

Nne, makaburi. Wazazi wetu wamelala kando ya nyumba, hilo tunalijua. Hawamo mle kutulaani, lakini heshima yao ni agizo la Bwana. Ibrahimu alilipa shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa mji ili awe na mahali pa kumzika Sara. Kwa hiyo amueni mapema. Mnaweza kukata kipande chenye makaburi kisiuzwe, pamoja na njia ya kufika, na kipimwe na mpima ardhi. Mkitaka kuhamisha, mtafute kibali cha serikali kwanza. Lisilofaa ni kunyamaza hadi mnunuzi alete trekta.

Mwisho, pesa. Zisipite kwenye simu ya mtu mmoja "atakayegawa." Ziingie benki au kwa wakili, na kila mrithi apokee fungu lake kwa jina lake. Gharama za mahakama, madeni ya hospitali na ya mazishi yalipwe kwanza, kwa risiti.

Kisha utaniletea fungu la kumi, nami nitakuuliza swali moja: dada yako amepata lake? Kama hajapata, chukua bahasha yako urudi nayo. Bwana Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda mkapatane kwanza. Kanisa haliwezi kujengwa kwa matofali yaliyotolewa kwenye ukuta wa yatima.

Mpendwa, bei ya shamba mtaisahau. Mtakachokumbuka Desemba ikifika ni kama bado mna mahali pa kukutana, hata kama ni sebuleni kwa mmoja wenu. Yule mtu aliyemwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi, katika Luka 12, hakupewa hukumu. Alionywa juu ya choyo. Onyo hilo lilimfaa yeye na ndugu yake pia.

Leo, kabla hujalala, rudi kwenye kile kikundi cha familia. Usiulize bei. Wapigie simu wale wawili walionyamaza, mmoja mmoja, uwasikilize hadi mwisho.

Baba wa mbinguni, fungua milango ya nyumba zetu, na kabla ya hiyo, fungua vinywa vya walionyamazishwa. Katika jina la Yesu.

Amina. Mtumie ndugu yako ujumbe huu. Na dada yako pia.