Wazungu Wanalipa Meli Ndio Wakimbie, Githongo Tunakimbia Bure

Kuna biashara moja huko majuu ambayo ukimweleza mzee wa Githongo atakuuliza umeanza kuvuta nini. Watu wazima, wako na kazi, wako na akili timamu, wanalipa doo mrefu wapande meli ya kitalii, na wakishapanda wanakimbia. Meli ikitia nanga kwa kisiwa wanashuka, wanapiga kilomita kumi ufukweni, wanarudi kuoga na kula, safari inaendelea. Siku ikiwa ya bahari tupu wanazunguka juu ya sitaha kama mbuzi amefungiwa kwa kigingi. Jioni kocha anawapea somo la viatu na pumzi. Hiyo ndiyo likizo.

Na sio kitu ya jana. Tangu 1995 kuna marathoni inakimbiwa Antaktika, ile barafu ya mwisho wa dunia, na wakimbiaji wanafikishwa na meli kutoka Ushuaia, Argentina. Mwaka wa 2001 hali ya hewa ilikuwa mbaya hadi wakashindwa kushuka. Wasee walifanya nini? Wengine walikimbia kilomita 42 zote juu ya meli, raundi mamia, upepo ukiwachapa. Ukiona mtu amefika hapo jua hanunui mbio. Ananunua stori ya kuwaambia watu ofisini.

Sasa mbona nakuletea stori ya meli na Githongo iko juu ya mlima, mbali na bahari kabisa? Kwa sababu hiyo ganji ya wakimbiaji inafika Kenya pia, na karibu kila mtu wa kaunti zetu ameiangalia ikipita.

Anza na Mombasa. Meli kubwa za kitalii hutia nanga pale, kama Norwegian Dawn ambayo hubeba abiria zaidi ya 2,000. Ukisikia hiyo namba unadhani mji mzima utaomoka. Lakini huyo mgeni ashalipia kitanda, chakula, kinywaji na shoo ya usiku akiwa kwao. Anashuka masaa machache, anaona Fort Jesus, ama anapakiwa kwa van aende Tsavo akimbizane na saa, halafu anarudi kulala kwa meli. Mama wa mahamri anamuona kwa dirisha la basi. Meli imeundwa hivyo, pesa ibaki ndani. Usimlaumu mgeni.

Rudi Meru. Kila Juni kuna Lewa Safari Marathon, ilianza 2000, na Lewa iko ndani ya Kaunti ya Meru, wengi husahau. Unakimbia katikati ya mbuga, vifaru na twiga ni majirani, maaskari wa wanyama na ndege wakichunga usikutane na simba. Ni moja ya mbio kali zaidi Afrika na naitetea, pesa zake zimejenga madarasa na kusaidia kliniki na kuchunga wanyama. Lakini angalia vile mgeni wa mbali anaingia. Anatua kwa ndege ndogo, analala kwa hema ya kifahari, anakimbia, anapanda ndege. Ni ile meli tu, sema imepaki kwa nyasi. Mtu wa Githongo, chini ya masaa mawili kwa gari, hamuuzii hata ndizi moja.

Halafu kuna Iten, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Iten haikuanza na hoteli. Ilianza na shule, St Patrick's, na mtawa wa Ireland anaitwa Brother Colm O'Connell aliyefika 1976 kufunza jografia akaishia kufunza mabingwa, David Rudisha akiwa mmoja wao. Baadaye Lorna Kiplagat, mkimbiaji mwenyewe, akajenga kambi yenye vitanda, jim na bwawa la kuogelea. Mo Farah akaja. Wakimbiaji wa kawaida wa Ulaya, wale wa kumaliza marathoni na masaa manne, wakaona na wao wanaweza kuja kuvuta hewa ya mabingwa.

Lakini kitu iliyofanya Iten iwe tofauti na meli ni damu. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya bahari. Oksijeni ni kidogo, kwa hivyo mwili unaanza kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu kubeba ile kidogo iliyoko. Hiyo kazi haiishi kwa siku mbili. Inataka kama wiki tatu, nne. Kwa hivyo mgeni wa Iten lazima akae, apende asipende. Na mtu akikaa mwezi atakula chapo ya mama fulani, atatafuta wa kumfulia nguo, atalipa kijana wa kumkanda misuli na mwingine wa kukimbia naye asiachwe peke yake kwa vumbi. Atapanda boda. Atajua jina la mwenye duka. Mwili wake ndio unaolazimisha pesa ishuke mtaani.

Sasa hii sehemu inauma. Mlima Kenya ulikuwa na hiyo kitu. Miaka ya 90 timu ya taifa ya mbio za nyika ilikuwa inapiga kambi Kigari, Embu, kwa chuo cha walimu cha St Mark's, chini ya kocha Mike Kosgei. Kina Paul Tergat na William Sigei walisagwa kwa hiyo miinuko, mazoezi mara tatu kwa siku, baridi ya mlima asubuhi. Wanaume wa Kenya walibeba taji la dunia la timu miaka 18 mfululizo, 1986 hadi 2003. Kumi na nane! Hakuna timu ya mpira unashabikia imewahi kukaribia ujinga kama huo.

Lakini uliza mkimbiaji wa London kama amewahi kusikia Kigari. Iten ameisikia. Ata wewe msomaji wa Embu inawezekana umepita hapo na mathree mara mia ukidhani ni chuo tu. Kambi ilikuwa ya serikali na chama, timu ikiitwa inakuja, ikienda dunia inaenda, na hakuna mtu wa hapo alibaki na kitanda cha kukodisha wala jina la kuuza. Iten kulikuwa na mwenye kambi. Kigari kulikuwa na mwenye ratiba tu.

Kwa hivyo Githongo ifanye nini? Kwanza tusidanganyane, hatuwezi kuwa Iten. Tuko chini kuliko Iten, na hata ukipanda kwa mashamba ya chai mpaka mpaka wa msitu, yule mzungu wa chembe za damu bado atapanda gari ya Eldoret. Mtu akikuambia kaunti ijenge kambi ya kimataifa hapa, muulize tenda ni ya nani.

Naangalia Moshi, Tanzania. Wako na mlima kama sisi, na wako na kahawa kama sisi. Kilimanjaro Marathon imekuwa ikikimbiwa hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na barabara inapita mjini na vijijini, migomba pande zote, watoto wakipiga makofi. Wageni wa nje wako, wengi wanaunganisha mbio na kupanda mlima. Lakini wanaojaza mji ni Wabongo wenyewe, wametoka Dar na Arusha na mabasi, wengine wanakimbia kilomita 21, wengine wanatembea kilomita tano wakipiga selfie. Wanalala gesti, wanakula mtori na nyama choma. Hiyo pesa haina meli ya kurudi.

Na sisi hao watu tuko nao. Jumamosi asubuhi ingia Karura uone vile vijana wa Nairobi wamegeuza mbio kuwa plani ya wikendi. Vikundi viko kila mtaa, kila mtu na saa ya kuhesabu kilomita, mbio zikiisha ni kahawa na picha. Hao hawahitaji wiki tatu za damu. Wanahitaji Tea Room saa nane mchana Ijumaa, masaa kama manne hadi matano barabarani, na mahali pa kulala penye maji moto. Asubuhi unawatoa sokoni Githongo, unawapandisha kwa chai hadi karibu na msitu, Batian ikiwa wazi kabla mawingu yaifunike, halafu unawashusha kwa mukimo. Wakirudi Nairobi wako na stori ya kuwaambia watu ofisini.

Noma iko, sitaficha. Boda zetu zinashuka hiyo miteremko kama breki ni za kukodisha. Karibu na msitu kuna ndovu, na ndovu haangalii namba ya kifuani. Na madem wanaokimbia watakuambia wenyewe vile kila kona kuna kundi la wanaume wa kupiga mluzi. Kama dem wa Umoja hawezi kukimbia hapa kilomita kumi kwa amani, usijisumbue kuchapisha tisheti. Hiyo inataka wazee wa kijiji, chama cha boda na vijana wa stage wakae chini waongee, na hiyo haitaki bajeti ya kaunti.

Swali la nani ataishika ndilo linanisumbua zaidi, kwa sababu Githongo kijana hana shamba. Bonasi ya chai inaingia kwa akaunti ya mzee. Kahawa ni ya mzee. Kijana ako na miguu, simu, na pengine boda ya mkopo. Na yule ako na miguu kweli kweli, yule anamaliza wa kwanza kwa mbio za shule, anaambiwa apange begi aende Iten ama Ngong, akakodishe keja na watu hajui, angoje meneja. Wengi hurudi kimya. Mbio za wikendi hazitamfanya Tergat, lakini zinaweza kumlipa kuongoza mbogi ya Nairobi Jumamosi mbili kwa mwezi, akiwa kwao, akila kwao.

Lewa ni Juni. Lile Jumamosi la mbio, barabara ya Meru huwa imejaa magari yenye namba za Nairobi, watu wamechoka, wana njaa, na Jumapili hawana plani. Mtu wa kwanza Githongo kuweka bango, godoro safi na chai ya hapa hapa, anishtue. Nitakuja na viatu.