Benki zimevuka mpaka, mtu wa Makiso bado yuko mlangoni

Kila mwaka, kabla masomo hayajaanza, vijana wa Kisangani wanaondoka kwenda Kampala. Wenye uwezo wanapanda ndege Bangoka, wengine wanashika barabara ya Bunia na kumwachia Mungu. Wanabeba begi, diploma ya serikali na dola zilizoshonwa ndani ya nguo. Ada ya chuo, kodi ya chumba na chakula cha miezi mitatu, vyote viko ndani ya suruali moja. Hakuna mzazi anayependa kumtuma mtoto wake hivyo. Anafanya hivyo kwa sababu mtoto hana akaunti ya benki kule anakokwenda, na akifika atagundua kwamba kufungua akaunti kunaweza kuwa kugumu kuliko kupata nafasi chuoni.

Iwe Kampala, Nairobi, Brussels au Chicago, benki inauliza mambo yale yale: wewe ni nani, unaishi wapi, pesa hizi zimetoka wapi. Maswali haya hayakutungwa ili kumuonea Mkongo. Sheria za kuzuia pesa chafu zimekazwa dunia nzima, na Kongo yenyewe ilipitisha ya kwake upya mnamo Desemba 2022. Shida ni kwamba mtu anayetoka Makiso anaulizwa maswali hayo akiwa mikono mitupu, na sababu ya mikono hiyo kuwa mitupu iko hapa nyumbani, haiko Kampala.

Tuanze na swali la kwanza. Mkongo hana kitambulisho cha taifa. Kadi za zamani ni za enzi za Zaire, na wengi wa wanaosafiri leo walikuwa hawajazaliwa. Tangu uandikishaji wa 2005, kadi ya mpiga kura inayotolewa na CENI ndiyo inayofanya kazi ya kitambulisho. Inatosha kupokea pesa kwa wakala pale mjini au kununua laini ya simu. Lakini ukivuka Kasindi inageuka kuwa kipande cha plastiki tu, maana mfanyakazi wa benki ya kigeni hawezi kuithibitisha popote. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Félix Tshisekedi alikabidhiwa kadi ya kwanza ya kitambulisho kipya, na watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata mkataba wa kazi hiyo ukavunjwa, na wakaaji wa Makiso wakabaki na kadi zao za uchaguzi ambazo picha imefutika.

Inabaki pasipoti. Mwaka 2015 pasipoti ya Kongo ilipandishwa hadi dola 185, ikawa miongoni mwa zile za bei ghali kabisa duniani. Mwaka 2020 ilishushwa hadi dola 99, na mwaka 2025 serikali ikatangaza mpya ya dola 75. Nafuu ipo, haikataliki. Lakini mwalimu mwenye watoto wanne anajua dola 75 ni nini, na anajua pia kwamba bei inayotangazwa Kinshasa sio kila mara ndiyo inayolipwa na mtu aliye mbali na Kinshasa.

Pasipoti nayo inadai kwanza cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto kwenye ofisi ya serikali bila malipo. Siku hizo zikipita, njia ni mahakama: hukumu ya kuchukua nafasi ya cheti, na hukumu ina gharama, ina safari, ina "rudi kesho". Uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 uliofanywa kwa msaada wa UNICEF uliona kwamba watoto walio chini ya miaka mitano walioandikishwa ni asilimia 40 tu. Kwa hiyo wengi wa vijana watakaosimama mbele ya dirisha la benki ya kigeni mwaka 2040 wameshaanza safari hiyo vibaya, nao bado ni watoto.

Kuna kichekesho kimoja kichungu katika jambo hili. Uganda inapokea wakimbizi wa Kongo zaidi ya nusu milioni, na kadi ya mkimbizi inayotolewa kule na Ofisi ya Waziri Mkuu inakubaliwa kama kitambulisho. Mkongo aliyekimbia vita anaweza kujitambulisha benki kwa karatasi aliyopewa na nchi ya kigeni. Mkongo aliyeondoka kwa amani, mwenye karatasi za nchi yake, anaambiwa asubiri.

Swali la pesa zimetoka wapi limezidi uzito tangu Oktoba 2022, GAFI, shirika la kimataifa linalofuatilia pesa chafu, lilipoiweka Kongo kwenye orodha yake ya kijivu. Mwezi Machi 2023 Umoja wa Ulaya ukafuata, ukaitia Kongo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa, siku moja na Tanzania na Msumbiji. Orodha hizo hazisemi kwamba raia wa Kongo akataliwe akaunti. Zinasema shughuli za pesa zinazohusu nchi hiyo zichunguzwe zaidi. Lakini uchunguzi una gharama, na benki nyingi zinaona rahisi kumkwepa mteja kuliko kumchunguza. Mama anayeuza vitenge soko kuu na kumtumia mwanawe dola 200 analipia uzembe wa wakubwa ambao mamilioni yao yalipita bila kuulizwa.

Anayekosa akaunti haachi kutumia pesa. Anatumia akaunti ya mwingine. "Yaya, nipe namba yako, baba atapitisha kwako." Mara nyingi yaya ni mtu mwaminifu na mambo yanakwenda. Mara nyingine yaya ana deni lake, kodi ya nyumba imefika, anakopa kidogo kwenye ada ya mdogo wake akiahidi kurudisha, na muhula unaisha bila kurudisha. Hakuna mahakama ya kwenda, maana kwenye vitabu vya benki pesa zilikuwa zake. Na yaya mwenyewe yuko hatarini. Akaunti ya mfanyakazi wa usafi ikianza kupokea pesa za familia tano, benki inaona mtu anayepitisha pesa za watu asiowataja, na inaweza kuifunga bila kusikiliza habari za undugu. Familia nyingi za Kisangani zimegombana kwa ajili ya jambo hili, wala ugomvi huo hautajwi hadharani, kwa kuwa kumshitaki ndugu ni aibu kuliko kupoteza ada.

Wapo wanaosema anayefungua akaunti nje anaihamisha mali ya nchi. Wakawaulize watu wa Goma. Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango, na Bukavu ikafuata Februari. Wenye mishahara na akiba kwenye benki hizo walivuka hadi Gisenyi kutafuta mahali pa kutolea pesa zao wenyewe. Wazee hawakuhitaji kufundishwa na Goma: wanakumbuka Desemba 1979, Mobutu alipofuta noti za zaire 5 na 10 kwa siku chache, na akiba za watu zikageuka makaratasi. Anayeishi nje na kuweka pesa yake pale anapoishi hamwibii mtu. Mwanafunzi wa Kampala hawezi kulipa chumba chake kwa akaunti iliyoko Makiso.

Ajabu ni kwamba benki zenyewe hazikusumbuliwa na mpaka. Mwaka 2020 Equity ya Kenya iliinunua BCDC, benki ya tangu ukoloni. Desemba 2022 KCB, ya Kenya pia, ikachukua sehemu kubwa ya TMB. Mwaka 2023 CRDB ya Tanzania ikafungua Lubumbashi. Katikati ya hayo, Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki: mkataba ulitiwa sahihi Aprili 2022, na Julai mwaka huo nchi ikawa mwanachama kamili. Lakini mteja wa Equity BCDC wa hapa Kisangani akiingia Equity ya Nairobi anakuwa mgeni kabisa. Ni kampuni mbili mbele ya sheria, ndiyo. Hata hivyo jina la mteja, sahihi yake, picha yake na historia ya akaunti yake viko tayari ndani ya kundi moja. Kumwandikia mteja barua ya utambulisho ambayo tawi la nchi jirani litaikubali si kazi ya kwenda mwezini. Wabunge wa Kongo walioko Arusha wangeweza kulidai hilo, na kingekuwa kitu ambacho mtu wa kawaida angekiona kwa macho.

Kwa walioko Ulaya hali ni tofauti kidogo, na wengi hawaijui haki yao. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inampa kila anayeishi kihalali katika nchi za umoja huo, hata mwomba hifadhi, hata asiye na anwani ya kudumu, haki ya akaunti ya msingi ya kupokea na kulipa pesa. Benki ikishapata faili kamili ina siku 10 za kazi kujibu, na ikikataa inatakiwa kutoa jibu kwa maandishi pamoja na sababu, isipokuwa pale sheria za usalama zinapokataza sababu kutajwa. Ufaransa, aliyekataliwa huenda Banque de France na barua hiyo, nayo inamtajia benki inayolazimika kumpokea. Ubelgiji ilikuwa na huduma kama hiyo tangu 2003. Mtu anayefukuzwa kwa maneno kwenye dirisha la benki na kurudi nyumbani amenyamaza amepoteza zaidi ya siku moja. Angeomba barua. Balozi za Kongo, ambazo ziko wepesi kupokea ada za pasipoti, zingeweza kubandika habari hizi mlangoni kwa lugha nne za taifa.

Mengi yanabaki Kinshasa: kitambulisho, na kazi ya kuitoa nchi kwenye orodha ya kijivu, ambayo Uganda ilitolewa Februari 2024 na Tanzania Juni 2025. Lakini si yote. Ofisi ya komini ndiyo inayoandika hati ya ukaazi, na ndiko uandikishaji wa kuzaliwa unakoanzia. Ikiwa hati hizo zitatolewa kwa mashine, zikiwa na namba na simu ya ofisi inayojibu, mfanyakazi wa benki Kampala ataweza kupiga na kuuliza. Ikiwa zitaendelea kuandikwa kwa kalamu, na mhuri uliofifia, atazirudisha chini ya dirisha. Gharama ya mabadiliko hayo ni kompyuta, laini ya simu na mtu anayefika kazini.

Masomo ya Makerere huanza Agosti. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa, anayetakiwa kupitia mahakama kwanza, kisha komini, kisha pasipoti, anahitaji kuanza miezi mingi kabla, na mzazi wake anahitaji kulipa kila hatua. Vinginevyo mama atachukua tena sindano na uzi.