Ipelele Si Mahali pa Mazishi Tu

Ukishuka stendi ya Makambako na kusema unakwenda Makete, hukosi wa kukutania: "Aa, kwa matajiri!" Sisi Wakinga tunajulikana kwa maduka ya Kariakoo, Mbeya na Njombe. Utani huo hauna ubaya. Ubaya ni neno linaloufuata, kwamba utajiri huo una "dawa". Sisi tuliolelewa Ipelele tunaomba kulisahihisha.

Tunachokijua ni hiki: kijana akimaliza shule, ndugu humchukua dukani kwake mjini. Kijana hubeba mizigo, hulala stoo, hufungua duka alfajiri, na kwa miaka kadhaa hapati mshahara wa maana. Akionekana mwaminifu, tajiri wake humpa mtaji aanze la kwake. Hapo hakuna hirizi. Pana kujinyima na kuaminiana. Aristotle alifundisha kwamba mtu hazaliwi na fadhila, bali huijenga kwa mazoea ya kutenda. Wazee wetu hawakumsoma, lakini walilifundisha jambo hilohilo kwa vitendo.

Fadhila hiyo haikuishia dukani. Ukimwi ulipoipiga Makete miaka ya 1990 na 2000, nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Bibi hao walilima viazi na ngano katika baridi yetu kali, wakalea mara ya pili walipopaswa kupumzika. Hawana duka lolote Kariakoo, lakini heshima ya kwetu wameibeba wao.

Je, sisi tunawalipa nini? Tunarudi Krismasi na kwenye misiba. Magari hujaa, sufuria hutoka nje, kisha siku ya tatu kufuli hurudi mlangoni. Tumejenga nyumba nzuri za tofali ambazo hakuna anayewasha moto ndani yake. Wala hatumnyoshei kidole mfanyabiashara peke yake. Sisi waseminari nasi huonekana wakati wa likizo, tukapewa kiti cha mbele, tukaondoka.

Mkataa kwao mtumwa. Tunadhani desturi ya mtaji inaweza kupanda mlima na kurudi nyumbani. Tajiri anayemfungulia kijana mmoja duka mjini, amsaidie na mwingine anayetaka kubaki: ampe mbegu bora za viazi, mbolea na usafiri wa kufikisha mazao sokoni. Amdai uaminifu uleule anaomdai kijana wa dukani. Nasi waseminari, likizo ijayo tuanze na jembe kabla ya kiti cha mbele.

Makete Walutheri walitutangulia; misheni yao ya Bulongwa ni ya mwaka 1895. Hata hivyo, msiba ukitokea hakuna anayeulizwa dhehebu lake. Kaburi tunalichimba pamoja. Basi, shamba la bibi aliye hai linatushinda nini kulilima pamoja?