Kadi ya Mtoto na Jino Bovu: Tuulize Nini Kabla ya Kulipa?

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulikumbuka usiku wa manane, mtoto analia na shavu limevimba. Jambo lenyewe ni bima ya watoto, na hasa kile ambacho bima hiyo inasema juu ya meno.

Mama mmoja alituletea mwanawe wa miaka 9 siku ya Jumamosi jioni. Uvimbe ulikuwa umetoka kwenye gego la chini ukashuka hadi chini ya taya, homa kali, na mate yalimtoka kwa kuwa kumeza kulimshinda. Uvimbe wa namna hiyo ni wa kuogopwa, maana ukiendelea huweza kuziba njia ya hewa. Tulimlaza, akaanzishiwa dawa za mshipa, na baadaye jino likang'olewa. Kumbe lile gego lilikuwa limetoboka muda mrefu. Mama alidhani ni jino la utotoni, litang'oka lenyewe. Halikuwa la utotoni. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, wala hakuna jino linalong'oka ili kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hawajui kwamba limekwisha kuota.

Siku ya kutoka, mama alifika dirishani kwa uhakika. "Nesi, mbona shuleni tulilipa bima?" Alikuwa ameishika stakabadhi mkononi. Tuliisoma. Ilikuwa bima ya ajali ya wanafunzi. Bima ya namna hiyo humsaidia mtoto aliyevunjika jino kwa kuanguka kutoka mwembeni. Jino lililooza si ajali, ni ugonjwa, na haihusiki nalo. Mama aliuza mbuzi wawili. Hakuna aliyemdanganya, lakini pia hakuna aliyemweleza, na sisi tuliokuwa tukimwona kliniki tangu mtoto akiwa mgongoni hatukuwahi kumwuliza ana bima gani.

Kwanza ieleweke kwamba kwa familia zetu hapa Tanzania, kwa kawaida bima ya meno haisimami peke yake. Meno yamo ndani ya bima ya afya, kama chumba kimoja ndani ya nyumba, na kila nyumba ina chumba cha ukubwa wake. Upo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ambao mtumishi huingia pamoja na mwenzi wake na wategemezi hadi wanne. Ulianzishwa pia Mfuko wa Afya ya Jamii, kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ambao kaya nzima ilichangia ada moja. Zipo pia kampuni binafsi, ambazo wengi wetu huzifikia kupitia kwa mwajiri. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwa hiyo neno bima litatufikia sote, tutake tusitake. Ada na vifurushi vimebadilika mara kadhaa katika miaka michache hii. Bei ulizeni ofisini, msiulize kwa jirani.

Twaona wazazi wakianza na bei. Hatuwalaumu, fedha ndizo zinazouma. Lakini kwa upande wa meno swali la kwanza lingekuwa hili: je, wanaziba, au wanang'oa tu? Karatasi ikisema "huduma ya meno" haijasema kitu. Kung'oa ni rahisi na bei yake ni ndogo, kwa hiyo karibu kila kadi inakubali kung'oa. Mtoto mwenye tundu dogo hahitaji kung'olewa. Anahitaji kuzibwa. Wala kuziba si jambo la mijini tu. Ipo njia ya kuziba bila mashine na bila umeme, mhudumu akikwangua uozo kwa vifaa vya mkono kisha akajaza dawa inayoshika kwenye jino. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza ulimwenguni. Sisi huona ni aibu kidogo kwamba kitu kilichozaliwa kwetu bado ni kigeni kwa watoto wetu, huku koleo la kung'olea likijulikana na kila mtu.

Swali la pili ni mahali. Kadi nyingine huanzia zahanati, na ukitaka hospitali sharti uwe na barua ya rufaa. Nendeni zahanati yenu siku ya kazi, mkaulize kama yupo tabibu wa meno, anakuja siku zipi, na kama ana vifaa vya kuziba. Kadi ya bei ndogo inayopokelewa mahali pasipo na mtu wa meno, kwa habari ya meno, ni karatasi tu. Kwa malaria na kuhara yaweza kuwa kadi nzuri sana, na hatusemi mwiache. Twasema mjue mnachonunua.

Kwa wale wenye bima za kampuni, tazameni kikomo. Aghalabu meno huwekewa kiasi chake kwa mwaka, mbali na matibabu mengine, na mara nyingine meno na macho hugawana fungu moja. Ulizeni kama kiasi hicho ni cha kila mtoto au cha familia nzima. Baba wa watoto watano anaweza kushangaa Machi kwamba fungu la mwaka limekwisha kwa mtoto wa kwanza. Ulizeni pia muda wa kungojea, maana nyingine hazilipi meno mpaka miezi kadhaa ipite. Waya za kunyoosha meno na kuvika jino kofia aghalabu havimo.

Hapo huku kwetu chini ya Mlima Meru tuna neno la nyongeza. Maji yetu mengi yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka ile meno ya kudumu yanapojengeka ndani ya ufizi, yataota na madoa ya kahawia, mengine yakimeguka. Wazazi hutujia na binti wa miaka 14 asiyetaka kucheka mbele ya wenzake, wakiuliza kama bima itamsafisha meno. Mara nyingi kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya urembo, na bima hailipi. Kwa nini fedha ya mtungi wa kuvunia maji ya mvua haihesabiwi kuwa matibabu, hilo sisi hatujalielewa bado. Kwa familia yenye mtoto mchanga katika vijiji hivi, kama fedha ni za jambo moja tu la meno, tungewashauri waanze na maji ya mvua ya kunywa na kupikia, na kupunguza magadi katika maharage.

Sasa tuseme jambo ambalo halitupendezi. Kwa miaka kadhaa Mfuko wa Taifa ulikuwa na Toto Afya Kadi, mzazi akilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja wa chini ya miaka 18. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa shuleni au kwenye vifurushi vya familia. Wengi walilalamika, na sisi tulilalamika. Lakini Mfuko ulieleza kwamba waliosajiliwa wengi walikuwa watoto waliokwisha kuugua, na sisi wauguzi twajua ni kweli, kwa sababu tulishiriki. Ni mara ngapi tulimwambia mama kando ya kitanda, "Kimbia ukamkatie kadi"? Mwenye watoto wanne alimkatia yule mgonjwa, watatu wakabaki. Tulifanya kwa huruma, na mtoto yule alitibiwa. Hata hivyo chungu ambacho kila mtu huja kupakua bila kutia kitu hakiwezi kudumu. Tungali tunajiuliza tungefanya nini tofauti, mtoto akiwa amelala mbele yetu.

Kwa meno walau jibu ni jepesi zaidi, kwa kuwa jino haliozi kwa usiku mmoja. Mna nafasi ya kuingiza watoto wote wakiwa wazima. Jumuiya zinazokopeshana kwa ajili ya misiba na harusi zaweza kuweka fungu dogo Januari kwa kadi za kaya zisizo na uwezo. Twajua jumuiya mbili zilizofanya hivyo na hazikufilisika.

Watoto wa chini ya miaka 5, kwa sera ya taifa, hutibiwa bure katika vituo vya serikali, meno yakiwemo, ingawa dawa haziwepo siku zote. Kwa hao kadi si jambo la haraka. La haraka ni kuwaepusha na wale wanaochokonoa ufizi wa mtoto mchanga wakidai kutoa "meno ya nailoni". Kile cheupe wanachokitoa ni kichipukizi cha jino halisi. Kuhara na homa vina sababu nyingine, na mtoto huweza kupoteza damu, kuambukizwa, hata kufa. Hakuna kadi itakayorudisha jino lile.

Na mswaki, bila shaka. Asubuhi na kabla ya kulala, dawa kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3, punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6, mzazi akisugua mwenyewe. Soda na pipi zisiwe za kila siku. Yote haya mmeyasikia kwetu mara nyingi, hatutarudia.

Yule mama wa mbuzi wawili alirudi baada ya miezi michache, hakuwa na mgonjwa. Alikuwa na fomu mpya kutoka kwa wakala, bado hajalipa. Akaitandaza mezani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Nesi, hapa panaposema meno, wanaziba?" Tulitafuta miwani, tukaisoma naye mpaka ukurasa wa mwisho. Walikuwa wanang'oa tu. Akaikunja, akaitia kwenye kikapu, akasema anakwenda kuuliza kwingine.