Taksi yenye rampa: hata ya pili ipewe ruhusa

Mara mbili kwa mwezi, kijana mumoja wa jamaa yetu anatoka Mangobo kwenda hospitali, upande wa Makiso. Mugongo wake ulivunjika ndani ya shimo, kwenye njia ya Banalia, siku udongo ulimuangukia. Miguu haisikii tena. Siku ya kwenda tunaita pikipiki mbili. Ya kwanza inamubeba yeye, na ndugu yake anakaa nyuma kumushika kiuno asianguke. Ya pili inabeba kiti chake cha magurudumu. Kurudi ni vile vile. Mutu mwenye miguu analipa motari mumoja, yeye analipa wawili. Mvua ikinyesha, motari anakataa ama anapandisha bei. Na ule ndugu anayemushika kiuno amekwisha kupoteza siku yake ya kazi.

Ju ya mambo kama haya njo tunaandika leo. Kisangani iko na pikipiki kila kona, toleka bado ziko, na trisikle za moteri zinabeba magunia kutoka sokoni. Hizi zote hazikufanywa ju ya mutu aliye ndani ya kiti cha magurudumu. Sasa mutu akileta gari ama trisikle yenye rampa nyuma, kiti kikapanda bila kumutoa mwenye kiti, kikafungwa vizuri na mukaba, ofisi ya meya na watu wa transport wamupe ruhusa ya kufanya taksi? Hapo karibu kila mutu atajibu ndiyo. Shida itaanza siku mutu wa pili atakuja na yake. Tunasikia tayari vile watasema: « Moja iko, walemavu ni wachache, huyu wa pili atakula nini? Atamuharibia mwenzake kazi. »

Walemavu ni wachache? Sisi wa Boyoma hatuna haki ya kusema vile. Mwezi wa 6 mwaka 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana siku sita ndani ya muji wetu, obus zikianguka juu ya nyumba za watu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 inahesabu raia waliokufa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya 1.000. Wale waliokatwa mukono ama muguu wakiwa vijana, leo wanaingia uzee, na magongo inaanza kuwachokesha mabega. Ongeza waliopata polio utotoni. Ongeza wetu, wa mashimo.

Hawa wa mashimo hawahesabiwi na mutu. Mufanyakazi mwenye mukataba, akiumia kazini, bosi wake anapashwa kuwa amemulipia CNSS, na iko mahali pa kudai. Muchimbaji wa mukono hana mukataba wala bosi. Akivunjika mugongo Bafwasende, wenzake wanachanga franga, wanamufunga juu ya pikipiki, na ile safari peke yake, kwenye barabara tunayoijua, inaweza kumaliza kile udongo ulibakisha. Akifika muji na kupona kidonda, habari yake imeisha kwa wengine. Bibi yake njo anajua habari ilianza pale.

Sheria haikosekani. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 49, inasema wazee na walemavu wako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Nchi iliingia mu mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu mwaka 2015, na mapatano hayo yanataja wazi usafiri. Tena tuko na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo meya anayetoa ruhusa haombwi sadaka. Anafanya ile sheria inamuomba.

Lakini tusijidanganye na makaratasi. Kenya iliandika mu sheria yake ya 2003 kwamba magari ya abiria yatengenezwe ili walemavu waweze kupanda. Nenda Nairobi leo uangalie matatu: ngapi ziko na rampa? Kule London, ni mambo mengine: tangu mwaka 2000, taksi zao nyeusi zote zinapashwa kubeba mutu ndani ya kiti chake, bila hivyo hakuna ruhusa. Hatuombi vile kwa Kisangani, tutakuwa tunaota. Jambo linalotufaa zaidi liko mu miji yao midogo. Kule baraza la muji linaweza kufunga hesabu ya taksi na kusema zimetosha. Lakini mabaraza mengi yanaacha mulango mumoja wazi: plake mupya inatoka paka kwa gari yenye rampa. Dereva anayetaka kuingia mu kazi anajua gari gani ya kununua. Muji hautoi hata franga moja.

Hapa kwetu pikipiki zimejaa mpaka watu wanalalamika. Siku wakubwa watataka kufunga hesabu, ama kupanga parking mupya, waache mulango kama ule.

Sasa turudi kwa huyu wa pili. Chombo kimoja peke yake hakiwezi kuhudumia muji. Moja ikienda kupokea mugeni Bangboka, mugonjwa wa Kabondo anangoja mpaka muchana. Moja ikitoboka mupira, muji muzima hauna. Moja ikiwa peke yake, mwenyewe atapanga bei anavyotaka, na mwenye kiti atalipa, atafanya nini? Tena mutu hapangi maisha yake juu ya kitu asichokiamini. Kama kijana wetu hana uhakika taksi itakuja saa mbili, ataendelea kuita motari wawili, na kisha watasema: « Munaona, hata ile moja hawaitumii. » Ile njo hesabu mubaya. Watu wanaanza kutoka nyumbani wakati wanajua watarudi.

Wakubwa wakumbuke toleka. Wakati wa vita mafuta ilikosekana, na ni kinga zile zilibeba muji, wagonjwa, wanafunzi, mihogo. Kama wangesema kumi zinatosha, tungetembea kwa miguu.

Woga mumoja tunaukubali, kwa sababu tunawajua watu wetu. Trisikle yenye nafasi kubwa nyuma ni nzuri kwa kiti cha magurudumu, na ni nzuri zaidi kwa makala na magunia ya muchele. Muzigo unalipa vizuri, haulalamiki, haupiti hospitalini kwanza. Ukimupa mutu plake ya bei ndogo ju ya walemavu, anaweza kubeba walemavu siku ya kwanza mbele ya kamera, kisha mwaka muzima anabeba makala. Tulikwisha kuona jambo la namna hii Kinshasa, kwenye Beach Ngobila. Walemavu walipunguziwa malipo ya kuvuka kwenda Brazzaville. Ilikuwa kitu kizuri, wengi walilisha watoto kwa biashara ile, na hatutaki mutu aibeze. Lakini wafanyabiashara wazima waliona haraka njia ya kupitisha muzigo wao nyuma ya kiti cha mulemavu.

Dawa yake si kukatalia wote. Ruhusa iandikwe kwa mwaka mumoja. Bei kwa mwenye kiti iwe ile ile ya abiria mwingine, na kiti kisilipishwe kama muzigo. Saa ambazo hakuna mwenye kiti anayeita, dereva abebe abiria wa kawaida, bila hivyo atakufa njaa na taksi itakufa pamoja naye. Namba ya simu iandikwe kwenye gari. Na mwisho wa mwaka wasiulize dereva, waulize mashirika ya walemavu ya komini zote: alikuwa anakuja mukimuita? Wakisema hapana, plake ipewe mwingine. Ile njo faida nyingine ya kuwa na wawili: iko mutu wa kulinganisha naye.

Feza itoke wapi? Kwa ruhusa yenyewe haiombwi feza nyingi, inaombwa kupunguza takse na karatasi. Kwa kununua chombo, tuseme ukweli kwa wachimbaji. Kodi ya mugodi, redevance, inalipwa na makampuni yenye hati. Code ya 2018 inaigawa: 50 kwa mia serkali ya Kinshasa, 25 provense, 15 secteur ama chefferie penye mugodi, 10 mufuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 ni ya vijiji, muji wa Kisangani usiiangalie. Lakini ile 25 ya provense, wabunge wa Tshopo wanaweza kuuliza inafanya nini, na kama sehemu ndogo inaweza kukopesha dereva anayetaka kununua trisikle yenye rampa. Na kooperative zetu, zinazochangia sanduku la kilio, zinaweza kuchangia chombo kimoja. Kila muchimbaji anayesoma hapa anajua mutu mumoja aliyeshuka kwenye shimo na kupandishwa na kamba.

Kuko Lubunga bado. Hakuna daraja juu ya muto, na rampa ya taksi inaishia penye mayi inaanzia. Mwenye kiti anabebwa mugongoni mpaka ndani ya pirogi, wengine wakishika kiti juu ya kichwa. Kwa hiyo kama vyombo ni viwili, sisi tunaomba kimoja kilale ngambo ile, na bac inapotembea kipewe nafasi ya kwanza kuvuka. Tena wapakie mutu kwanza, kisha magunia.

Jumanne kijana wetu ana siku yake ya hospitali. Motari wawili tumekwisha kuwaita. Mumoja anauliza kama mvua itanyesha.