Ramani Igeuzwe Kabla Msingi Haujachimbwa

Nilifunza kwa miaka tisa katika shule moja ya upili ya pwani. Darasa langu la mwisho lilikuwa jipya, limepakwa rangi ya kupendeza, na siku ya kulifungua wazazi walipiga vigelegele. Februari ilipofika, saa nane za mchana, hapakuwa na wa kushangilia. Madirisha yalielekea mashariki na magharibi, mabati yalikuwa juu yetu pasi na dari, na wanafunzi hamsini walisinzia mbele yangu nikieleza ngeli. Mvua iliponyesha niliweka chaki chini, kwani sauti yangu haikuweza kushindana na kishindo cha paa.

Sasa nimearifiwa kwamba bodi ya shule ina nia ya kujenga madarasa mengine manne kwa ramani ile ile. Ndiposa nimeshika kalamu.

Sina haja ya kumlaumu mwanakandarasi. Yeye hujenga alichoagizwa, akalipwa, akaenda zake. Kosa ni letu sisi wenye majengo, tunaouliza bei ya siku ya kukabidhiwa funguo tu. Serikali ilipotangaza mwaka wa 2021 mpango wa kujenga madarasa 10,000, nilisikia mengi kuhusu mabilioni ya shilingi na tarehe za kukamilika. Jambo ambalo sikulisikia ni darasa litaelekea wapi, na nani atalipia feni na taa za mchana kwa miaka arobaini ijayo.

Na jambo lenyewe si la kuumiza kichwa. Nchi yetu imekatwa na Ikweta. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa asubuhi na alasiri, jua likiwa chini na kupenya dirishani bila kizuizi. Madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa na upenu mpana wa paa, basi. Mwanafunzi wa jiografia aweza kuyathibitisha haya kwa kijiti na kivuli chake uwanjani.

Wazee wa Lamu waliyajua. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta za unene wa kama nusu mita, vyumba vikauzunguka ua wa ndani, na vichochoro vyembamba vikatiwa kivuli na nyumba za pande zote mbili. UNESCO iliutambua mji huo kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2001. Wakubwa wetu huenda huko kupiga picha, kisha wakarudi bara na mwambao kutujengea tanuri.

Anayedhani kuwa hayo ni ya kale na autazame mji wa Harare, Zimbabwe. Msanifu Mick Pearce alitazama vichuguu vya mchwa alipobuni jengo la Eastgate, lililofunguliwa mwaka wa 1996. Hewa baridi ya usiku hupitishwa ndani, zege likapoa, na ubaridi huo ukawafaa watu mchana bila mitambo mikubwa ya kupoza hewa. Ni kweli kwamba usiku wa pwani hauna baridi ya Harare. Kwetu sisi upepo na kivuli ndivyo vitangulie. Ndiyo maana nasema kila mahali pachunguzwe kwa hali yake, badala ya ramani moja kusambazwa kutoka Lodwar hadi Kwale kama sare ya shule.

Kuna pia suala la maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba, likipata mvua ya milimita 20, lamwaga takriban lita 1,200. Shule yetu iliyaacha yote hayo yachimbe mitaro uani, halafu ikanunua maji ya lori wakati wa kiangazi!

Nakubali kwamba dari, mifereji ya paa na matangi vina gharama, na mifuko ya wazazi haina kina. Bodi ikishindwa na hivyo mwaka huu, na ivingoje. Lakini kuizungusha ramani robo duara hakuongezi hata mfuko mmoja wa simiti. Nimewaandikia wanabodi, na nimemwomba mwalimu mkuu anipe dakika kumi katika mkutano wao ujao. Kiwanja kimekwisha kufyekwa, msingi bado.